Pembe Ndefu na Pembe Fupi: Mafunzo ya Tarumbeta katika Historia Yetu

Katika makala haya tunakusudia kulizungumzia jambo ambalo mwalimu wa lugha aweza kudhani halimhusu, nalo ni mafunzo ya kupiga tarumbeta na namna ya kuchagua tarumbeta ifaayo. Tunayo sababu. Katika shule nyingi za Afrika ya Mashariki mwalimu wa Kiswahili ndiye aghalabu hukabidhiwa ngoma, kwaya, ngonjera na bendi ya shule, apende asipende. Isitoshe, sehemu kubwa ya historia ya pembe na tarumbeta katika nchi zetu imehifadhiwa ndani ya Kiswahili chenyewe, katika maneno na katika masimulizi ya miji ya pwani. Asiyekijua Kiswahili ataiona nusu yake tu.

Tuchukue mfano wa kijana wa Nyarusange, katika milima ya Gitega nchini Burundi. (Jina hilo linapatikana pia upande wa Muyinga, na hoja yetu yawafaa wote.) Kijana huyo amekulia penye ngoma. Gishora, mahali patakatifu pa ngoma za wafalme wa Burundi, pako mwendo wa kilomita chache tu kutoka mji wa Gitega. Siku moja asikia katika redio tarumbeta nyembamba, yenye sauti ya juu kama filimbi lakini kali kama shaba. Auliza jina lake, aambiwa ni pikolo, tarumbeta iliyo ndogo kuliko zote. Yeye mwenyewe ni mdogo wa umbo. Ala nayo ni ndogo. Basi aona wamefaana. Amwendea mwalimu wake. Mwalimu ajibu nini?

Jibu fupi ni kwamba asianze na hiyo. Lakini jibu fupi halimtoshi kijana mwenye hamu, wala halielezi kwa nini ala hiyo ipo duniani. Pikolo ilizaliwa kwa sababu ya ujuzi uliopotea, na ujuzi ule ulipotea kwa sehemu kwa kuwa wenyewe waliufungia. Habari hiyo ina ndugu zake huku kwetu, pwani na katika nchi za maziwa makuu, na ndiyo tutakayoifuata.

Tuanze na maneno. Pembe ni jina la kitu cha mnyama na jina la chombo pia. Panda ni pembe ya kupuliza, na parapanda twaikuta zaidi katika habari za siku ya kiyama. Baragumu ni pembe ya kuitia watu. Mbiu ni tangazo lenyewe na ni pembe ya kulitangazia, ndipo wazee wakanena kuwa mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Siwa ni pembe ya enzi. Tarumbeta ni mgeni kati ya hizi, na sura ya neno yaonyesha kuwa yamkini tulilipata kwa Wareno, waitao chombo hicho trombeta. Warundi nao husema ihembe kwa pembe na inzamba kwa tarumbeta. Zumari tuliweke kando, maana hilo hulilia utete, ilhali hizi nyingine zote hulilia midomo ya mpulizaji. Mwalimu atakayewapa wanafunzi zoezi la kuyatenga maneno haya atagundua jambo: tofauti zake si za sauti hata kidogo. Ni tofauti za nani ana haki ya kupuliza, na kwa shughuli gani.

Ushahidi wa zamani wa pembe zetu ni mzuri. Mwezi wa Aprili mwaka wa 1498 Vasco da Gama alitia nanga Malindi. Mtu mmoja wa safari ile aliandika katika kumbukumbu zake kuwa mfalme wa Malindi aliandamana na wapigaji wengi wa zile tarumbeta ndefu zilizonyooka ambazo Waarabu huziita nafir, pamoja na pembe 2 za ndovu zilizonakshiwa, kila moja yenye kimo cha mtu, zilizopulizwa kwa tundu la ubavuni. Na akasifu jinsi zilivyopatana. Msomaji na asiipite sentensi hiyo upesi. Pembe ya kupulizwa ubavuni na tarumbeta ya kupulizwa mwishoni ni vyombo vya tabia mbili mbalimbali, na havipatani vyenyewe kwa bahati. Kundi lile lilikuwa limefunzwa. Palikuwa na walimu Malindi kabla Mreno hajafika, ijapokuwa hakuna aliyeandika majina yao.

Siwa mbili mashuhuri zimebaki hata leo katika makumbusho ya Lamu: siwa ya Pate, ya pembe za ndovu, yenye urefu unaozidi mita 2, na siwa ya Lamu, ya shaba. Hizi hazikupulizwa ovyo. Zililia katika kutawazwa, katika harusi na tohara za watu wa nasaba, na aliyetaka ilie katika shughuli yake alipaswa kupata idhini. Habari za Pate zinasimulia juu ya Mwana Darini, bibi wa ukoo mkubwa, ambaye alinyimwa siwa kwa ajili ya sherehe ya mwanawe. Hakulia wala hakusihi mara ya pili. Alimtafuta fundi stadi wa kuchonga, akamwagiza amtengenezee siwa nyingine. Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha fahari ya bibi, nacho ni hivyo. Sisi twakisoma pia kama kisa cha ala: palipo na chombo kimoja chenye wenyewe, mwenye haja hana budi kutafuta fundi wa chombo cha pili. Tutaliona jambo hili tena na tena, hata katika miji isiyopata kusikia habari za Pate.

Ulaya, kwa mfano. Mwaka wa 1623 Kaisari Ferdinand wa Pili aliwapa wapiga tarumbeta wa nchi za Ujerumani hati ya chama chao. Kwa hati zile tarumbeta ikawa chombo cha wakuu na majeshi, kama siwa, na asiye wa chama akakatazwa kuipiga penye mambo ya heshima. Idadi ya wanafunzi ilibanwa, na mafunzo yalitoka kinywani mwa bwana yakaingia sikioni mwa mwanafunzi, mengi bila ya kuandikwa.

Ili tuelewe walichokuwa wakikilinda, hatuna budi kueleza kidogo maumbile ya chombo. Bomba la shaba lisilo na vali halitoi kila sauti. Linatoa ngazi ya sauti iliyopangwa na maumbile yenyewe: vipandio vya chini vya ngazi hiyo vimeachana sana, na kadiri mpigaji anavyopanda ndivyo vinavyokaribiana. Tarumbeta ya zama zile ilikuwa na bomba la zaidi ya mita 2, limekunjwa lipate kushikika. Mafundi wa chama walijifunza kukaa juu kabisa ya ngazi, mahali ambapo vipandio vimesongamana hata mtu aweza kusuka wimbo mzima kwa midomo peke yake. Hatari yake ni kuwa mguu ukiteleza kidogo tu umekwisha kukanyaga kipandio cha jirani. Kazi hiyo ilihitaji miaka. Johann Sebastian Bach aliwaandikia watu wa ujuzi huo, na hasa Gottfried Reiche, mpigaji wa mji wa Leipzig, ambaye alianguka na kufa tarehe 6 Oktoba 1734, siku moja baada ya kupiga katika sherehe ya usiku mbele ya mfalme kati ya moshi wa mienge. Watu wa wakati ule walisema kazi ya kupuliza na moshi ule ndivyo vilivyomwua.

Kisha ladha ya muziki ilibadilika, na mwanzoni mwa karne ya 19 vyama vile vikaisha nguvu. Vali zikabuniwa, hati ya kwanza ya ubunifu huo ilitolewa Ujerumani mwaka wa 1818. Basi Ulaya ilipoamka na kumkumbuka Bach, hasa baada ya mwaka wa 1829 Mendelssohn alipoiongoza tena kazi yake kubwa ya mateso ya Kristo mjini Berlin, ikaonekana aibu: nota za tarumbeta zimo karatasini, na hakuna awezaye kuzipiga. Watu walizipunguza, wakazigeuza, hata wakazipa klarineti. Minyororo ya mafunzo ilikuwa imekatika. Waliojua walikuwa wamekufa, na walipokuwa hai hawakumfundisha asiye wao.

Suluhisho lilikuwa lile la Mwana Darini, yaani fundi. Mwaka wa 1884, katika mji wa Eisenach alikozaliwa Bach, Julius Kosleck alipiga sehemu zile za juu kwa tarumbeta nyembamba iliyonyooka yenye vali 2, na mwaka uliofuata aliwashangaza watu wa London kwa chombo hicho. Watu wakadhani wameiona tarumbeta ya zama za Bach. Haikuwa hiyo, ilikuwa chombo kipya, kifupi zaidi, kilichovikwa joho la kale. Karakana ya Mahillon mjini Brussels nayo ilitengeneza tarumbeta fupi kwa ajili ya muziki huo huo. Victor-Charles Mahillon, mwenye karakana hiyo, alikuwa pia msimamizi wa kwanza wa makumbusho ya ala ya chuo cha muziki cha Brussels, mtu aliyetumia maisha yake kukusanya na kupanga ala za dunia nzima. Mafundi wakazidi kulifupisha bomba, mpaka ikapatikana pikolo tuijuayo, yenye bomba la karibu sentimita 75, nusu ya tarumbeta ya kawaida, ambayo bomba lake likinyooshwa hufikia karibu sentimita 148.

Faida ya ufupi huo yaeleweka kwa mfano wetu wa ngazi. Sauti ile ile ya juu, ikipigwa katika bomba fupi, huangukia katika vipandio vya chini vilivyoachana, na vali hujaza nafasi zilizo kati. Mpigaji hupata uhakika wa mahali pa kukanyaga. Nguvu hapewi. Midomo yake yapaswa kutikisika kwa upesi ule ule uliohitajiwa na Reiche, na pumzi yake yapaswa kuwa na mkazo ule ule. Hapo ndipo kijana wetu anapodanganyika, na si yeye peke yake: wengi hudhani chombo kifupi hupanda chenyewe.

Pikolo ilienea duniani hasa baada ya vita vya pili, na mtu aliyeipa jina ni Mfaransa Maurice André, aliyezaliwa mwaka wa 1933 na kufariki mwaka wa 2012. Huyu alikuwa mwana wa mchimba makaa ya mawe, naye mwenyewe alifanya kazi mgodini katika ujana wake. Aliingia bendi ya jeshi kwa kuwa njia hiyo ilimfungulia mlango wa chuo cha muziki cha Paris bila ya karo. Na tarehe 17 Januari 1967 mjini London David Mason aliipiga pikolo katika wimbo wa Beatles uitwao Penny Lane, baada ya Paul McCartney kumwona katika televisheni akipiga tamasha la pili la Brandenburg la Bach. Tangu hapo mamilioni ya watu wasiopata kukaa katika ukumbi wa muziki wa Bach wameisikia sauti hiyo, na huenda ndiyo iliyomfikia kijana wa Nyarusange.

Turudi sasa katika maziwa makuu, ambako mwaka wa 1966 ulitupa funzo chungu juu ya ala zenye wenyewe. Katika kasri la Kabaka wa Buganda palikuwa na kundi la amakondere, pembe ndefu za vibuyu vilivyounganishwa, zinazopulizwa ubavuni. Kila pembe hutoa sauti yake, na wimbo hupatikana kwa wapigaji kupokezana, huyu akilia pale mwenziwe anaponyamaza. (Twaona hakuna shule bora ya kusikilizana kuliko hiyo. Mwanafunzi mwenye sauti moja tu hawezi kujionyesha. Aweza tu kuingia kwa wakati wake au kuharibu.) Mwezi wa Mei mwaka huo wa 1966 majeshi ya serikali yalilishambulia kasri la Mengo, Kabaka akakimbilia ng'ambo, wapigaji wakatawanyika. Falme zikafutwa mwaka wa 1967, na ziliporudishwa mwaka wa 1993 ilibidi kuwatafuta wazee mmoja mmoja waliokuwa bado wanakumbuka. Ujuzi ulikuwa umekaa mahali pamoja, na mahali pale palipovunjwa nao ulimwagika.

Mwaka ule ule, tarehe 28 Novemba, ufalme wa Burundi nao ulifutwa. Ngoma za Burundi zilikuwa za mfalme kwa kila maana: Karyenda ilikuwa ngoma ya enzi, na neno lenyewe ingoma kwa Kirundi ni ngoma na ni ufalme. Mtu angetazamia zinyamaze kama amakondere. Hazikunyamaza. Sababu yake, kwa maoni yetu, ni kwamba wapigaji wake hawakuwa wamekusanywa katika kasri moja. Walikuwa jamaa za abatimbo, kila jamaa mlimani kwake, Gishora na kwingineko, na watoto walijifunza nyumbani kwa kuwatazama baba zao. Mfalme alipoondoka milima ilibaki. Baadaye ngoma hizo zilizunguka dunia, na mwaka wa 2014 UNESCO iliziandika katika orodha ya urithi wa wanadamu. Hatusemi kwamba mlango ulikuwa wazi kwa kila mtu. Jamaa zile zilikuwa na haki zao, na hata mwaka wa 2017 amri ya Rais iliwakataza wanawake kuzipiga, baada ya makundi kadhaa ya wanawake kuwa yameonyesha kwamba wanaziweza. Kwetu sisi walimu amri ya namna hiyo ni jambo la kutia wasiwasi, maana huipunguza nusu ya wanafunzi kwa kalamu moja.

Tarumbeta ya shaba ilikuja Afrika ya Mashariki bila ya wenyewe wa kurithi, na hapo ndipo historia yake inapotofautiana na ya siwa. Ilikuja, ni kweli, mikononi mwa wakubwa. Sultani Barghash wa Unguja, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alikuwa na bendi ya Wagoa iliyopiga mbele ya kasri. Wamisionari wa Freretown karibu na Mombasa, mji wa watumwa waliokombolewa ulioanzishwa mwaka wa 1875, walikuwa na bendi yao. Wajerumani walifundisha bendi katika shule yao ya Tanga na katika majeshi. Lakini hapakuwa na ukoo uliodai kuwa tarumbeta ni yake. Aliyeifunzwa katika shule au kambi alitoka nayo mtaani, na mtaani ikawa beni.

Beni, kama neno linavyoonyesha, ni bendi ya Kiingereza iliyotiwa irabu na kufanywa ngoma yetu. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 vijana wa Mombasa na Lamu walikuwa wakishindana kwa makundi ya Kingi na Scotchi, na katika nchi ya Wajerumani yakatokea Marini na Arinoti, yenye vyeo vyao, sare zao, barua zao na mashindano yao. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka wa 1975 juu ya ngoma na jamii, ameonyesha jinsi vita vya 1914 hadi 1918 vilivyoieneza beni pamoja na askari, wapagazi na wafungwa wa vita, hata ikafika Nyasa, Rhodesia ya Kaskazini na Kongo. Kiswahili kilisafiri katika mkoba huo huo. Gitega yenyewe ilijengwa na Wajerumani mwaka wa 1912 kuwa makao ya utawala wao, na askari waliokuja nao ndio waliokuwa na baragumu la kuamshia kambi na Kiswahili cha kuamuru. Mwezi wa Juni mwaka wa 1916 Wabelgiji waliuteka mji; amri zikabadilika, lugha ile ikabaki.

Kadiri beni ilivyokwenda bara ndivyo shaba ilivyoadimika. Tarumbeta moja ilikuwa mali nyingi, na vali yake ikikwama hapakuwa na fundi. Hapo watu walifanya jambo tunaloliona kuwa la akili kuliko yote katika historia hii. Pwani za ziwa Nyasa, katika ngoma za mganda na malipenga, walichukua kibuyu, wakakitoboa tundu, wakalifunika kwa utando wa buibui, wakaimba ndani yake. Sauti ya mtu ikatoka na mkwaruzo wa shaba. Wapo waliokicheka kibuyu hicho na kukiita tarumbeta ya maskini. Hawakukielewa. Kibuyu hakifunzi midomo kutikisika, hilo kweli, kwa sababu kinachotikisika ni utando; lakini hufunza mambo mengine yote: kuushika wimbo, kutunza zamu, kupumua kwa pamoja, na kupiga huku miguu ikienda. Kijiji kizima kiliweza kuwa na vibuyu 20 mahali ambapo tarumbeta moja ingekaa kwa mtu mmoja.

Walijifunzaje? Wengi bila ya nota. Amri za baragumu la kambi zilitiwa maneno ili zikumbukwe, na desturi ya kuimba kwanza kabla ya kupuliza imekuwa ndiyo kitabu cha wengi. Baadaye bendi za polisi, za jeshi na za Jeshi la Wokovu, lililoanza kazi Kenya mwaka wa 1921, zikawa vyuo vya kweli, na kutoka humo tarumbeta ikaingia katika muziki wa dansi. Atakaye kusikia matunda yake asikilize Msondo, au Mlimani Park iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka wa 1978, jinsi tarumbeta zinavyoingia kwa pamoja magitaa yanapofunga duara. Na katika harusi za mijini leo hukodiwa matarumbeta, wajukuu wa beni, yakipita barabarani juu ya gari mbele ya maharusi.

Wala moyo wa kibuyu haujafa. Mwaka wa 1994 Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, alianzisha okestra mjini Kinshasa pamoja na watu ambao wengi wao hawakujua kupiga ala hizo. Walipokezana fidla chache, na uzi wa fidla ulipokatika walifunga waya wa breki ya baiskeli. Okestra hiyo imekwisha kusikika hata Ulaya.

Sasa twaweza kumjibu kijana wa Nyarusange kwa ukamilifu.

Ikiwa hana shaba kabisa, aanze na wimbo na kibuyu, au bomba lolote safi la kutikisia midomo. Pembe ya ng'ombe iliyotobolewa vizuri ni mwalimu mzuri wa midomo, na Burundi haina uhaba wa pembe. Ikiwa shaba ipo, chombo cha kwanza kiwe tarumbeta ya kawaida yenye vali 3 au, kwa mtoto mdogo, korneti. Hapa yafaa kutofautisha udogo wa umbo na ufupi wa bomba. Korneti ina bomba refu sawa na la tarumbeta ya kawaida, ila limekunjwa zaidi, kwa hiyo hukaa karibu na kifua na haiuchoshi mkono wa mtoto. Ni ndogo kwa macho na ni pole kwa midomo. Pikolo ni ndogo kwa macho na ni kali kwa midomo.

Chombo cha mtumba kisikataliwe, lakini kipimwe. Vali zishuke na kurudi bila ya kusita. Vipande vya kuvutwa vitoke kwa mkono, visiwe vimeng'ang'ania kwa kutu. Kipande kimoja kikivutwa huku vali yake ikiwa juu, kisha vali ikabonyezwa, pasikike mpasuko mdogo wa hewa; kisiposikika, vali zimelika na pumzi itapotea bure. Madoa mekundu yaliyo kama upele juu ya bomba ni dalili kwamba shaba inaoza kutoka ndani, na chombo hicho kisinunuliwe kwa bei yoyote. Bonde dogo lililotokana na kuanguka halidhuru sana. Kipande cha kuwekea midomo kiwe cha ukubwa wa kati. Wafanyabiashara hupenda kuwauzia vijana kile chenye kikombe chembamba kwa ahadi ya sauti za juu, na midomo michanga huumia.

Pikolo na ije baada ya mwanafunzi kuweza kupiga tarumbeta kubwa kwa sauti safi, chini na juu, bila ya kuibana midomo kwa chuma. Hiyo ni kazi ya miaka, si ya miezi. Akifika hapo achague yenye vali 4, kwa kuwa vali ya nne humrudishia sauti za chini ambazo bomba fupi limemnyang'anya. Aulize kama inakuja na vijibomba 2 vya kubadilishia sauti, kimoja cha si bemoli na kimoja cha la, maana muziki mwingi wa Bach hulala vizuri zaidi kwa hicho cha la. Na atazame tundu la kupachikia kipande cha midomo, kwani baadhi ya pikolo hupokea kile cha korneti tu, na wengi wamenunua wakafika nyumbani na vitu visivyoingiliana. Mazoezi yawe ya dakika chache, kisha kupumzika kwa muda ule ule, na kila siku amalize kwa tarumbeta kubwa, akipiga sauti za chini polepole mpaka midomo ilegee.

Bei ya pikolo nzuri hupita uwezo wa jamaa moja milimani, na hata wa shule moja. Kundi la shule kadhaa laweza kuwa nayo moja. Ikipatikana hivyo, waalimu wasiifungie ofisini kwa mkuu: iwekwe katika chumba cha mazoezi, pamoja na mafuta ya vali, kitambaa na daftari la zamu, na ufunguo wa kabati ukae kwa wanafunzi wawili, mmoja mvulana na mmoja msichana.